Benki ya Chakula Ipimwe kwa Sahani ya Mtoto: Tathmini ya Huduma

Hesabu ambayo benki za chakula huitangaza zaidi ni tani. Hesabu hiyo ina kazi yake, maana aliyetoa chakula ana haki ya kujua kimefika wapi. Ila kwa mzazi mwenye watoto watatu na sufuria tupu, tani haijibu kitu. Kilo 10 za vinywaji vya sukari na kilo 10 za maharage zinasoma sawa kwenye mizani, lakini mwilini mwa mtoto hazifanyi kazi moja. Kwa hiyo tani tumeziweka pembeni. Huduma hii tunaikagua kwa maswali ya jikoni: mtoto alikula nini, alikula mara ngapi kwa siku, na mfuko uliisha siku ya ngapi.

Kwanza jina lenyewe, kwa sababu linabeba huduma mbili tofauti na malalamiko mengi hupotelea hapo. Nchini Marekani, benki ya chakula ni ghala kubwa. Hupokea shehena kutoka viwandani, mashambani na kwenye maduka makubwa, kisha huzigawa kwa vituo vidogo, na vituo hivyo ndivyo vinavyokutana na familia. Mtindo huo ulianzia Phoenix, Arizona, mwaka 1967, John van Hengel alipoanzisha benki ya St. Mary's. Ufaransa ilianza mwaka 1984. Uingereza jina hilohilo hutumika kwa kile kituo cha mwisho, pale mtu anapopewa mfuko mkononi. Kituo cha kwanza cha mtandao wa Trussell, shirika la hisani la nchini humo, kilifunguliwa Salisbury mwaka 2000. Anayetathmini lazima ajue anaupima mlango upi. Mfuko ukikosa maziwa, huenda ghala halikuyapata kabisa, au ghala lilikuwa nayo ila kituo hakina jokofu. Tatizo la kwanza linataka mfadhili mpya. La pili linataka jokofu moja na mtu wa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni.

Mlangoni

Kuna vituo vinavyotaka rufaa: mwalimu, muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii anaandika vocha, familia inaipeleka, inapewa mfuko. Vingine viko wazi. Unafika, unajieleza, unahudumiwa. Rufaa ina faida ya kweli. Familia inakuwa imeonana na mtu anayeweza kushughulikia kilichosababisha njaa, iwe ni kodi ya nyumba, deni au malipo ya serikali yaliyokwama. Ubaya wake ni muda. Anayeishiwa Ijumaa alasiri hukuta ofisi za kuandika vocha zimefungwa, na mtoto ana chakula cha usiku, cha Jumamosi na cha Jumapili mbele yake.

Msimamo wetu ni kwamba mfuko wa kwanza utolewe siku ileile bila vocha, na rufaa ifuate baadaye. Vituo vinavyofanya hivyo vinastahili alama za juu kuliko vinavyotumia rufaa kama kufuli.

Maswali ya lazima mlangoni ni manne. Mko wangapi? Watoto wana umri gani? Kuna yeyote mwenye ugonjwa, au chakula kinachomdhuru? Nyumbani mnapikia nini? Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi, na tutalirudia. Zaidi ya hayo manne, kila karatasi inayodaiwa inapunguza watu wanaorudi. Tunakata alama pia pale jina na shida ya mtu vinaposomwa kwa sauti mbele ya foleni. Mtoto wa miaka 9 anasikia, na anaelewa. Kupanga miadi ya dakika 15 kwa kila familia huondoa foleni yenyewe, na hakuhitaji fedha, kunahitaji daftari tu.

Mfuko wenyewe

Hapa ndipo penye uzito wa tathmini. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hupanga chakula kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wa kawaida wa kufikia hapo huwa gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 hadi 30 za mafuta, gramu 50 za unga uliorutubishwa, sukari kidogo na gramu 5 za chumvi yenye madini joto.

Zidisha kwa familia ya watu 5 na siku 7. Nafaka ni kilo 14. Maharage au dengu ni kilo 2 na gramu 100. Mafuta ni lita 1 hivi. Unga uliorutubishwa ni gramu 1,750, na chumvi gramu 175. Jumla inakaribia kilo 19 kabla hujatia mboga wala matunda. Watoto wadogo hula pungufu ya wastani na vijana hula zaidi, kwa hiyo hesabu ya familia hurekebishwa kwa umri, lakini kama msingi wa kupangia inafaa.

Hesabu hiyo inafichua mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, mfuko wa kilo 6 unaoitwa "wa wiki" kwa familia ya watu 5 si wa wiki. Hauzidi siku mbili na nusu, na ni heri kituo kiseme hivyo wazi ili mzazi apange. La pili ni ubebaji. Kilo 19 kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayemshika mkono hazibebeki, kwa hiyo hupunguza papo hapo, na kinachoachwa ni kile kizito, yaani nafaka na makopo ya samaki, wakati biskuti na chipsi zinaenda nyumbani kwa sababu ni nyepesi. Kituo kizuri hugawa mzigo mara mbili kwa wiki, au kina toroli za kuazima, au kina mtu wa kupeleka nyumbani. Kituo kinachohesabu tu mifuko iliyotoka hakitaliona tatizo hili kamwe.

Sasa angalia ubora. Gramu 400 za nafaka hutoa takriban kilokalori 1,400, yaani theluthi mbili ya hitaji lote. Mtu mzima anaweza kushiba hapo na kubahatika siku chache. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi. Tumbo lake ni dogo, linajaa uji mwepesi kabla mwili haujapata unachotaka. Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 hadi 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati akihitaji. Kila bakuli linatakiwa liwe zito, lisilotiririka kwenye kijiko, lenye kitu cha kujenga mwili ndani yake. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kikiongezwa kwenye uji huo kinaongeza kilokalori 40 bila kuongeza ujazo. Ukiona kituo kinatoa nafaka bila mafuta, jua kwamba aliyepanga mfuko hakumfikiria mtoto wa chini ya miaka 2.

Vitu vinne tunavitafuta katika mfuko wa familia yenye watoto, na vikikosekana vyote hatuhangaiki na vingine. Kimoja ni chakula chenye madini chuma na protini ambacho hakihitaji jokofu: samaki wa kopo, nyama ya kopo, dengu. Cha pili ni mafuta. Cha tatu ni mboga au tunda la rangi ya chungwa, au majani ya kijani iliyokolea, kwa ajili ya vitamini A. Cha nne ni chumvi yenye madini joto. Hiki cha mwisho ni cha bei ndogo kabisa na hufanya kazi kubwa katika ukuaji wa ubongo, lakini wafadhili ni nadra kukikumbuka, kwa hiyo kituo kinapaswa kukinunua chenyewe.

Mfuko wa siku 3, ambao mtandao wa Trussell uliufanya ujulikane sana Uingereza, ni kifaa cha dharura, na kwa kazi hiyo tunaupa alama nzuri: una vyakula vya kukaa, umepangwa kwa ukubwa wa familia, na unatoka haraka. Unashindwa pale unapopewa familia ambayo pesa yake inayofuata iko wiki mbili mbele. Siku ya 4 hali ni ileile, na mzazi sasa ana aibu ya kurudi. Kosa hapo ni la aliyepima shida, si la mfuko.

Kuchagua mwenyewe

Vituo vilivyopangwa kama duka, familia ikapita na kikapu na kuchagua kwa pointi au kwa idadi iliyowekwa, tunavipa alama za juu kuliko mifuko iliyofungwa tayari. Sababu ni ya kimatendo. Mzazi anajua kwamba mtoto wa pili anatapika akila samaki, kwamba chumvi ipo bado nyumbani, kwamba kunde zilizopita hazikuiva. Akichagua, kisichomfaa kinabaki rafu kwa mwenye kukihitaji. Mfuko uliofungwa hupeleka kila kitu kwa kila mtu, na sehemu yake huishia kwa jirani au jalalani.

Mtindo huu una udhaifu wake, nao ni wa saa ya mwisho. Anayetoka kazini saa 11 jioni hukuta rafu za protini zimebaki mbao. Dawa yake inajulikana: weka kikomo kwa kila aina kulingana na idadi ya watu nyumbani, jaza rafu kila saa badala ya kumwaga vyote asubuhi, na uzuie sehemu ya vyakula bora hadi saa ya mwisho. Kituo chenye kufanya haya matatu kinafahamika kwa kuingia dakika 20 kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo saa ya kufanya ukaguzi.

Kichanga hahudumiwi kwa mfuko wa jumla

Maziwa ya kopo kwa watoto wachanga ndiyo eneo ambalo benki za chakula hukosea kwa nia njema, na makosa yake ni ya hatari. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama iliwekwa kwa sababu. Mama anayenyonyesha akipewa kopo bila kuomba, mtoto hunyonya pungufu, maziwa yake hupungua, na kopo likiisha hana pa kurudi. Kwa hiyo maziwa haya hayawekwi kwenye rafu ya wazi wala kutiwa kwenye kila mfuko wa familia yenye mtoto mchanga.

Lakini yuko mtoto ambaye tayari anategemea kopo, na huyo hawezi kungoja mjadala. Anachohitaji ni mfululizo. Piga hesabu: mtoto wa kilo 5 hunywa takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 750 kwa siku. Kwa unga wa gramu 13 hivi kwa kila mililita 100, hiyo ni karibu gramu 100 za unga kwa siku. Kopo la gramu 400 linamtosha siku 4. La gramu 900 ni siku 9. Kituo kinachotoa kopo moja la gramu 400 kwa mwezi kinamwacha mzazi na siku 26 za kubangaiza, na njia ya kubangaiza inajulikana: kuongeza maji. Chupa inaonekana nyeupe, mtoto anaonekana kunywa, kumbe anapata maji mengi na lishe kidogo, anadhoofika huku nyumba ikiamini amelishwa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mzazi anaulizwa faraghani, si mezani. Anaunganishwa na mhudumu wa afya, ambaye anathibitisha hitaji na kumsaidia anayetaka kurudi kunyonyesha. Kisha anapewa kopo lililofungwa, la umri wa mtoto, lenye tarehe hai, na la kutosha hadi miadi inayofuata. Anaelekezwa pia kuandaa, kwa sababu unga wa maziwa haya hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa: maji yachemshwe, yatumike yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, unga upimwe kwa kijiko cha kopo lilelile kilichosawazishwa juu, chupa ipozwe haraka chini ya maji baridi, inywewe ndani ya saa 2, na kilichobaki kimwagwe. Nyumba isiyo na maji safi wala kuni, gesi au umeme wa kuchemshia inahitaji msaada huo kabla ya kopo.

Mambo mengine ya watoto wadogo yanafaa kubandikwa ukutani kwa wanaopanga mifuko. Asali haipewi mtoto wa chini ya miezi 12. Maziwa ya ng'ombe hayawi kinywaji kikuu kabla ya umri huo, na maziwa mazito ya sukari au unga wa kuweupisha chai si kibadala cha chochote kwa mtoto. Karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 5, zisagwe.

Na kuna mtoto ambaye mfuko hautamtibu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5, au mwenye uvimbe kwenye nyayo zote mbili, ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Utepe wa kupimia ni karatasi yenye rangi tatu na kuutumia kunafundishika kwa muda mfupi. Kituo cha chakula kinachohudumia watoto wengi na hakina utepe huo kinakosa kitu chepesi kabisa.

Begi la wikendi

Huduma hii huunganishwa na shule: mtoto anayekula mlo wa mchana shuleni hupewa chakula cha kumvusha Jumamosi na Jumapili. Wazo ni zuri, na likifanywa vizuri linafika pale mtu mzima hafiki. Hesabu ya milo ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu asubuhi kuna milo 8. Begi lenye pakiti mbili za biskuti na juisi halijafika popote.

Kisha uzito. Ushauri wa kawaida ni mtoto asibebe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Wa kilo 25 ana nafasi ya kilo 2.5 hadi 3.75, na vitabu vimo humo. Chakula kinabaki na kilo 1.5 hivi, kwa hiyo makopo yenye maji mengi hayafai. Unga uliorutubishwa, siagi ya karanga, maziwa ya unga na samaki wa kopo dogo vinabeba lishe zaidi kwa uzito huo. Kopo liwe la kuvuta pete, maana mtoto wa miaka 7 aliye peke yake nyumbani hana kifungulio wala hapaswi kushika kisu. Begi lisiwe na nembo. Mwalimu aliweke ndani ya mkoba wa mtoto wakati wenzake wako uwanjani.

Kasoro kubwa ni ndugu. Begi la mtoto mmoja likifika kwenye nyumba ya watoto wanne linagawanywa kwa wanne, kama inavyotakiwa, na kila mmoja anapata milo miwili. Shule iulize idadi ya watoto nyumbani na itume mabegi kwa hesabu hiyo. Na huduma nyingi za namna hii husimama shule zikifungwa, wiki zilezile ambazo mlo wa shuleni nao haupo.

Ghalani, kopo mkononi

Sehemu kubwa ya chakula cha benki hizi ni kile ambacho kingetupwa. Hakiko haba: Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kwenye maduka, sehemu za kuuzia chakula na majumbani. Lakini chakula cha ziada hufika kikiwa na siku chache mbele yake, na kazi ya ghala ni kukiwahi.

Mchambuzi mzuri hutumia sekunde chache kwa kopo. Anasoma tarehe, kisha analigeuza na kubonyeza kifuniko pande zote mbili kwa kidole gumba. Kikicheza au kikiwa kimetuna, linatupwa bila kufunguliwa wala kuonjwa. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa juu, wa chini na mshono wa ubavuni. Mshono au ukingo ukiwa umebonyea, hewa huenda imeingia, nalo kopo linatupwa. Bonyeo dogo katikati ya ubavu halina neno. Kutu inayofutika kwa kitambaa inapita. Kutu inayobanduka vipande vipande haipiti.

Tarehe ni mbili, na kuzichanganya kunaleta hasara mbili tofauti. Tarehe ya "tumia kabla ya" inahusu usalama, na chakula kilichoipita hakitolewi kamwe. Ile ya "ubora wake ni kabla ya" inahusu ladha na umbo. Vyakula vikavu na makopo vilivyoipita vinaweza kuwa salama, kama sheria ya nchi inaruhusu kuvitoa na familia imeambiwa. Ghala lisilojua tofauti hiyo ama linatupa vilivyo vizuri, ama linatoa vilivyo vibaya. Rafu zipangwe kwa tarehe inayokaribia kuisha, si kwa kilichotangulia kufika: shehena ya jana inaweza kuwa na siku 5 na ya mwezi uliopita ikawa na mwaka.

Baridi haina majadiliano. Jokofu nyuzi 5 au chini, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, chakula kilichopikwa juu ya nyuzi 60 hadi kinapogawiwa, na chochote kilichokaa kwenye joto la kawaida kwa saa 2 hakirudi jokofuni.

Nafaka na karanga zina adui wake, ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika kwa kawaida, na mtoto huumia zaidi ya mtu mzima. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na gunia lenye harufu ya uvundo litengwe lote, si kupepetwa na kuchaguliwa yanayoonekana mazuri. Gunia kubwa likigawanywa kwenye mifuko ya kilo 2, kila mfuko uandikwe jina la chakula, tarehe, na kama kiwanda au meza hiyo imeshika karanga, maziwa, ngano au soya. Mfuko mweupe usio na maandishi ni hatari kwa mtoto mwenye mzio, hata uwe safi kiasi gani.

Jikoni

Tulisema swali la mapishi tutalirudia. Maharage makavu yanataka moto wa saa moja na zaidi. Familia iliyokatiwa umeme au gesi ikipewa kilo 2 za maharage imepewa chakula isichoweza kukila. Vituo makini huandaa mifuko ya aina tatu: ya mwenye jiko kamili, ya mwenye birika la maji moto tu, na ya asiye na chochote cha kupashia. Hiyo ya tatu ina makopo yaliyopikwa tayari, mkate, matunda, siagi ya karanga na maziwa ya kukaa bila jokofu.

Kwa wenye jiko, karatasi ndogo ndani ya mfuko huokoa kuni. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Maharage mekundu yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiiva nusunusu kwenye moto mdogo huleta kutapika na kuhara. Karatasi iwe na michoro, si maneno matupu.

Alama zetu

Kama huduma ya kuzuia mtoto asilale njaa leo na kesho, benki ya chakula iliyopangwa vizuri tunaipa 8 kati ya 10. Kama huduma ya lishe ya mtoto kwa miezi, 5, na hapo tu ikiwa ina mafuta, protini na mboga kila wiki, maana inategemea kilicholetwa. Kama dawa ya umaskini, haistahili kupewa alama, kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo. Uingereza ni nchi tajiri, na bado mtandao wa Trussell ulitoa mifuko zaidi ya milioni 3 katika mwaka wa 2023/24, zaidi ya milioni 1 kati yake ikiwa ya watoto. Chakula kilikuwepo madukani siku zote hizo. Kilichokosekana ni kipato. Kwa hiyo kituo chenye meza ya ushauri wa madeni, kodi na malipo ya serikali pembeni ya rafu za chakula tunakiongezea alama bila kusita: mfuko unavusha wiki, na mshauri akifanikiwa, familia haihitaji mfuko wa wiki ya tano.

Unayetaka kutoa, fedha taslimu huisaidia benki kuliko kopo moja moja, kwa kuwa inanunua kwa jumla na inanunua kilichopungua. Ukitoa bidhaa, piga simu kwanza uulize nini kimeisha. Mara nyingi utaambiwa mafuta, samaki wa kopo, nepi za namba kubwa, taulo za kike na sabuni. Familia isiyonunua nepi inanunua chakula.

Na unayeihitaji huduma yenyewe, uliza mambo haya kabla ya kuitegemea: mfuko ni wa siku ngapi kwa watu wa nyumba yako, unaweza kurudi lini, kuna mfuko wa asiye na jiko, mtoto wa maziwa ya kopo anahudumiwa vipi, na wiki za likizo mnafungua siku gani. Jibu la hilo la mwisho liandike na ulibandike mlangoni kwako, kwa sababu ratiba hubadilika wiki hizo na tangazo huwa limewekwa kwenye mlango wa kituo tu.